Zipora Mbele ya Madaktari Arobaini

Zipora alikuwa na sahani ya sambusa mkono huu na kikombe cha chai mkono ule alipomwona Enock, na hakumwaga hata tone. Alijipongeza kwa hilo. Ukumbi wa hoteli pale Shinyanga mjini ulijaa madaktari kutoka Kahama, Geita na Chato, wanasukumana mezani kama watu waliofunga tangu juzi, na katikati yao ndiye huyo, shati jeupe limenyooshwa, kitambulisho shingoni. Alikuwa amekonda. Kukonda kule kulimfurahisha Zipora kuliko chai.

Yeye mwenyewe alikuwa amependeza: gauni la kitenge cha rangi ya chungwa limekamata kiuno, kilemba cha kitambaa hichohicho, hereni za kufika begani. Alialikwa azungumze robo saa. Madaktari wale walikuwa wanafundishwa namna ya kuwafuatilia watu waliougua saratani utotoni wakapona, maana dawa iliyomwokoa mtoto inaweza kuja kumchosha moyo akiwa mtu mzima. Dokta Anjali wa Mwanza, mkufunzi wao, ndiye aliyekuwa akimtibu Zipora moyo huo. Hakujua kwamba katika wale arobaini yumo na aliyeuvunja.

Miaka miwili nyuma Zipora alikuwa na mgahawa Bugarama, na Enock alikuwa daktari wa zahanati moja ya mtu binafsi hapo jirani. Alikula ugali wa Zipora kila mchana mpaka akamtaka na mpishi, na mshenga akatumwa Kishapu kwa baba yake. Ndipo Zipora akaanza kuhema ovyo, miguu ikavimba. Akampelekea mchumba wake daftari lake la kliniki, lile la saratani ya damu aliyougua akiwa na miaka tisa, ambalo mama yake alilifunga kwenye nailoni mwandiko usipotee. Enock hakulifungua. Alimbusu kwenye paji la uso, akamwambia yale ni ya zamani, ulishapona mke wangu, nunua daftari jipya tuanze upya. Kwenye hilo jipya akaandika vumbi la karasha. Bugarama nzima kila anayekohoa huambiwa ni vumbi la zile mashine za kusagia mawe, basi naye akaambiwa hivyohivyo.

Alianguka jikoni na mwiko mkononi. Mwanza alilazwa wiki tano, na wiki ya kwanza nzima Enock hakumpigia simu. Wiki ya pili alipopiga yeye alikuta amefungiwa namba.

Sasa simu ikaita mkobani, namba ngeni. Zipora akaweka kikombe mezani, akapokea, akainua macho. Enock alikuwa kasimama karibu na dirisha, simu sikioni.

"Nakuomba dakika mbili nje."

"Nina kumi na tano humu ndani. Zitakutosha."

"Sema utakalo, mpenzi. Ila kula kwanza, sambusa zinapoa."

"Mpenzi wako nani?" Akakata.

Hotuba aliyoiandaa aliikunja akaitupa. Atamtaja jina lake la kwanza na la baba, ataitaja zahanati, atarudia neno kwa neno aliyoambiwa, kila mwenzake amjue. Alikaa kiti cha mbele akisubiri zamu yake kwa raha kabisa.

Dokta Anjali akauliza nani kati yao amewahi kumwona mgonjwa wa aina hii. Enock akasimama.

"Mimi. Alikuwa mchumba wangu." Akaeleza yote, daftari, nailoni, vumbi. Akasema baadaye alipata nakala ya kumbukumbu za mgonjwa huyo, na dawa ile nyekundu inayodhuru moyo ilikuwa imeandikwa ukurasa wa tatu tu. "Alipolazwa nilifika mpaka getini. Niliona aibu, nikageuza."

Hakumtaja jina. Daktari mmoja akampapasa begani. Hapo Zipora alichemka. Mtu amemfanyia ubaya, kisha amemnyang'anya na kisasi, na huruma ya watu kaichukua yeye!

Akapanda mbele. Hakuhutubia. Alimwomba Dokta Anjali ile fomu ya ufuatiliaji waliyokuwa wanafundishwa kuijaza, akamgeukia Enock. "Njoo uniulize mimi. Uliyekuwa unamsimulia ndiye huyu."

Kiti kikaletwa. Enock akauliza kwa sauti ya chini uliugua ukiwa na umri gani.

"Rudia. Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Akauliza dawa, akauliza kama akipanda ngazi anahema, akauliza analalia mito mingapi.

"Mitatu. Nikilala chini nakosa pumzi."

Alipofika kwenye swali la kuzaa, kama moyo wake utahimili mimba, aliishia katikati. Zipora akamwambia arudie na hilo, naye akarudia, machozi yakimtiririka mbele ya wenzake. Hicho ndicho alichokitaka miaka miwili. Kilikuwa kitamu, halafu akashangaa mkono wake unataka kumfuta uso, akaukalia.

Chini kabisa ya fomu palitakiwa jina la mtu wa kupigiwa simu hali ikiwa mbaya. Zipora akasema mama yangu. Enock akaanza kuandika.

"Futa. Mama amechoka kuamshwa. Andika jina lako."

Kalamu ikasimama. "Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Kifua kikibana uamke wewe, ukimbie wewe, ukeshe kwenye benchi la wodi wewe. Nilikupenda, Enock, na bado nakupenda, ndiyo maana sitaki ulale usingizi mzuri."

Akaandika jina, akaandika namba. Kisha akabaki ameinama juu ya karatasi.

"Hapa wanauliza uhusiano," akasema. "Niandike nini?"

Zipora akaigonga nafasi ile kwa kidole.

"Andika mume. Lakini Kishapu hutamtuma mshenga. Utasimama mwenyewe mbele ya baba na kaka zangu, useme kwa mdomo wako: nilifika getini, nikageuza. Wakikuacha uondoke mzima, nitakuja kuishi na wewe."

Enock akaandika mume, kwa herufi kubwa, akauliza kutoka hapo basi la Kishapu linaondoka saa ngapi.