Udi Ndani ya Gari la Mzee Swedi

Ndugu zangu, nyumba ya Mzee Swedi pale Majengo, Dodoma, ilikuwa nyumba ya amani, na sisemi hivi kwa kuwapamba. Asubuhi mkewe Rukaya akimimina chai, yeye huwa uani na kitambaa laini, analifuta gari. Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakiingia nchini kila kukicha, na Swedi, muuza vitambaa mtoto wa muuza vitambaa, akajipatia lake: refu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, tena otomatiki. Viti hakuvivua nailoni. Barazani aliapa mbele ya wenzake kwamba gari lile ni la kupanda watu, halitabeba hata kikapu cha nyanya.

Ndipo ikaja mvua ya Elnino. Barabara ya Kondoa ikawa tope tupu, mabasi yakasimama. Dereva wa lori la mwisho kupita akaleta salamu: Bi Mgeni, mama yake Rukaya, yuko hoi, na anamtaka mwanawe.

"Usilie, Mama Zuleha," Swedi akasema. "Gari tulinunua la nini? Kesho asubuhi tunaondoka."

Hawakuivuka hata Miyuji, pale ukingoni mwa mji. Kijilima kimoja cha tope kiliwashinda. Injini inanguruma, gari linajikokota, gia haibadiliki. Rukaya akatupa macho kwenye dashibodi, akaona kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda. Akakibandua. Chini yake taa ya njano ilikuwa inakonyeza.

"Baba Zuleha, hii nini?"

"Taa tu. Tangu mwezi uliopita inakonyeza-konyeza, inaniudhi macho."

Jamani! Gari linasema linaumwa, mwenyewe analiziba mdomo kwa plasta. Rukaya alishika kichwa. Wakavutwa kurudi mjini, kwenye gereji ya fundi Anyitike, njia ya Zuzu.

Anyitike, mtu wa Tukuyu, hakuwa fundi wa kubahatisha. Aliunganisha waya wake, akahesabu taa inavyokonyeza, akapima hapa na pale kwa testa, kisha akanyanyuka.

"Shikamoo tena mzee, maana habari yenyewe ni hii. Gari limeng'ang'ania gia ya tatu, lakini nadhani giaboksi ni nzima. Umeme unaoiamuru ndio haufiki. Je, ndani kumeingia maji?"

"Hata tone."

"Limebeba kitu cha majimaji?"

"Fundi, hili si gari la mizigo!"

"Basi niruhusu ning'oe viti nifunue zulia. Soketi ya waya za gia iko chini pale."

"Viti vyangu usiguse! Nailoni hiyo haijachanika tangu Japani."

Anyitike alimtazama. "Kama si maji, itabidi nishushe giaboksi yote nione ndani. Siku mbili, mzee."

Rukaya alikuwa amesimama palepale na begi lake mkononi. Swedi akamwona, akaliona na begi. Akainamisha macho.

"Shusha," akasema.

Na Rukaya naye, msinione ninamwonea, alikuwa na lake moyoni. Mwezi uliopita alipanda gari lile akanusa udi. Udi, ndani ya gari! Mwanamume hajifukizii mwenyewe. Akaamua kuna mwanamke, akameza, akasema atanyamaza mpaka amjue. Mume ana siri, mke ana siri, na fundi yuko chini ya gari analowa oili bila sababu.

Siku ya tatu giaboksi ilirudishwa mahali pake. Gari likawashwa. Gia ileile ya tatu, kama walivyoiacha.

"Mama," Anyitike akasema huku akifuta mikono, "mimi akili yangu imefika mwisho."

Hapo Rukaya akapasuka. "Muulize basi huyo mwanamke aliyefukiziwa udi humo ndani! Labda yeye ndiye anayejua!"

"Udi?" Fundi akaingiza pua mlangoni, akavuta hewa. "Mama, gari likifukizwa ujue linanuka. Mzee, lilikuwa linanuka nini?"

Swedi akaiweka sawa kofia yake ambayo haikuwa imepinda. Anyitike hakungoja jibu. Alichukua spana, akang'oa kiti, nailoni ikachanika kwa sauti, akafunua zulia. Chini yake kulikuwa na magamba ya samaki yaliyogandamana na chumvi nyeupe, na soketi imeota kutu ya kijani.

"Bwawa la Mtera," Swedi akasema kwa sauti ndogo. "Safari moja tu. Beseni la samaki wa chumvi lilipinduka, nikafukiza udi kuua harufu. Barazani wangenicheka mpaka nihame."

"Nilikuuliza, mzee! Nimekuuliza mara mbili!"

Rukaya kwanza alipumua, maana hakukuwa na mwanamke. Halafu akajionea aibu kwa kupumua kule, na hasira zikampanda. "Samaki! Mama yangu ananiita, wewe unaficha samaki!"

Fundi alisugua soketi kwa petroli na brashi, akabadilisha waya mbili. Hata saa moja haikupita. Taa ya njano ikazimika, na gia zikaingia moja baada ya nyingine, laini kabisa.

Walifika Kondoa kesho yake mchana. Joha, mdogo wake Rukaya, aliwapokea mlangoni, macho yamevimba.

"Tulimzika jana baada ya alasiri, dada. Siku zote hizi akisikia mngurumo wowote barabarani anauliza, 'Rukaya huyo?' Tunamwambia bado."

Matangani wanaume walimuuliza Swedi kilichowachelewesha. "Barabara," akaanza, "mvua hizi..." Rukaya alikuwa anapita na birika la maji. Akasimama. Swedi akamtazama.

"Si mvua," akasema. "Nilibeba samaki garini, nikaona haya kusema."

Hakuna aliyecheka.

MAFUNZO

Wenzangu, mimi nimechoka na heshima za namna hii. Fundi akikuuliza, mwambie. Daktari akikuuliza, mwambie. Kubeba samaki si dhambi, na watu wa barazani wangemcheka Swedi siku mbili wakasahau. Yeye akaona bora mke wake angoje siku tatu kuliko yeye achekwe. Na wewe mke, au mume, ukinusa udi usioujua, uliza siku hiyohiyo. Rukaya angeuliza mwezi ule, angekasirika, wangegombana, soketi ingesafishwa, na Bi Mgeni angejibiwa, "Naam, mama, ndiye Rukaya."