Namba Tisa Ana Jicho

Theopista anaapa aliona kwa macho yake mawili. Anasema Hajira, jirani yake pale Ilala, alitoka duka la dawa Kariakoo na kopo la homoni mkobani, zile za kuongeza hipsi, akadandia bajaji hadi Upanga kwa Paras, yule Mhindi aliyemwajiri. "Si mnaona alivyoumuka kama andazi? Mtu haumuki bure!" Aliyamwaga hayo kwenye genge la nyanya, na adhuhuri haijafika yalishatua kwa Shaibu, muuza viatu wa Mtaa wa Kongo, mchumba wa Hajira.

Hajira alikuwa ameinamia ndoo namba tisa meseji ya Shaibu ilipoingia.

"Ijumaa mshenga haendi kwa mjomba wako. Akuoe huyo anayekunenepesha."

Akaisoma mara mbili. Hajajibu, mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Hajira! Toka!"

Aliyefungua ni Mama Bharti, mamake Paras, mwiko mkononi.

"Kijana, shikamoo imekushinda?"

"Shikamoo, mama. Namtaka Hajira."

"Marahaba. Vua viatu, pita."

Chumba cha nyuma kilikuwa baridi kama jokofu. Ndoo kumi na nane, kila moja na matope yake.

"Kopo liko wapi?" Shaibu akafoka.

"Lile pale juu ya kabati. Halijafunguliwa. Na dawa si yangu, ya hawa."

"Hawa nani?"

Hajira akazamisha mkono, akaibua kitu chembamba kama mkunga mdogo.

"Huyu ni lamprei. Paras ni mtafiti, ameletewa kutoka nchi za baridi. Anazaliwa kipofu, anakaa matopeni miaka anakula tu. Mwili ukishashiba, homoni ya kooni inashuka, ndipo anageuka. Macho yanatoka, mdomo unaota meno."

"Inashuka?"

"Inashuka. Kwa kiluwiluwi anayegeuka chura inapanda. Hata mimi nilibisha. Sasa Paras anataka kuwatilia dawa ya kuishusha, mimi nikamwambia subiri. Huyu namba tisa ni mfupi, lakini mzito. Nampima kila asubuhi, mwezi wa saba huu. Atageuka mwenyewe."

"Na wewe je? Mbona umenenepa?"

"Chapati zangu hizo!" Mama Bharti akadakia mlangoni. "Alikuja hapa kama ufito. Ningemlisha nini, upepo?"

Shaibu akataka kucheka, akajikaza. Hajira ghafla akamshika mkono.

"Tulia! Hebu washa tochi ya simu yako. Mulika hapa kichwani mwake."

Akamulika. Chini ya ngozi, pale ambapo jana palikuwa patupu, kidoa cheusi kiling'aa.

"Jicho! Paras! Paraaas! Namba tisa ana jicho!"

Paras akaja mbio, ndala mguu mmoja.

"Haiwezekani! Urefu hajafika!"

"Urefu hajafika, unene amefika. Angalia!"

Paras akaangalia, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Bila dawa! Hajira, umenishinda, dada yangu. Jina lako linaingia kwenye ripoti. Na hawa kumi na saba waliobaki, msimamizi ni wewe!"

Mama Bharti akapiga vigelegele. Shaibu naye akajikuta anaruka kama goli limeingia, kisha akakumbuka kilichomleta, akanywea.

"Hajira, nisamehe. Nimesikiliza maneno ya gengeni nikakuacha wewe. Mshenga aende Ijumaa?"

Hajira akamrudisha namba tisa matopeni polepole, akafuta mikono kwenye kanga.

"Nimekusamehe. Lakini ulishaniambia mke wako atakaa ndani. Hawa wengine watachukua miaka miwili, labda mitatu. Naomba tukioana niendelee kuja hapa kila asubuhi. Unaniruhusu?"

Paras akajifanya anasoma mizani. Mama Bharti hakujifanya kitu, alisimama pale pale, mkono kiunoni, anasubiri.

Shaibu akakuna shingo, akaitazama ile safu ya ndoo, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. "Ruhusa unayo," akasema, "ila kila jioni uniambie nani kaota jicho."