Kosa la Nyuki Mbele ya Mama Mkwe

"Nyuki, hapa Mzinga. Unanipata?"

"Nakupata."

"Yule fundi wa viyoyozi ni bandia. Yuko kwenye ngazi, anashuka. Simu yake ina picha za orodha."

Nyuki, ofisa usalama wa kampuni ya maji, alishaanza kukimbia, redio sikioni.

Orodha ilionyesha nyumba za wahandisi saba wa kampuni hiyo, watu pekee walioweza kufunga mabomba ya jiji zima. Majasusi wa kigeni waliomtuma fundi hawakuwa na shida na wahandisi wenyewe. Waliwataka watoto wao, ili mzazi mmoja alazimike kuukausha mji.

Picha zilikuwa bado hazijatumwa. Kalamu iliyokuwa mfukoni mwa Nyuki ilikuwa inaziba mawimbi ya simu jengo zima.

Betri ilibakiza dakika tatu.

Ghorofa ya pili alimpita katibu muhtasi, amebanwa kati ya walinzi wawili, analia kwa kwikwi.

"Kaka, waambie! Sijampa mtu neno langu la siri, haki ya Mungu!"

Nyuki hakumtazama. Uso angeuweka wapi?

Juzi, dada huyo alipokwenda kumletea chai, Nyuki alijikalia kwenye kiti chake ili achapishe tiketi ya safari. Kivinjari cha kampuni kikamkatalia. Wafanyakazi walikibatiza Mama Mkwe, kwa kuwa kilichungulia kila kitu na hakikuwa na utani na mtu: marufuku kunakili, marufuku kuchapisha ovyo, marufuku kuokota vitu vya mtandaoni. Nyuki mwenyewe ndiye aliyewahubiria wakiheshimu. Basi akafungua kivinjari cha zamani. Kikamwomba aongeze kijiprogramu cha kuchapishia, naye akabonyeza "Kubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Kijiprogramu hicho kikakwapua neno la siri ambalo katibu alilihifadhi kwenye kivinjari hicho cha zamani kabla Mama Mkwe hajaletwa.

Leo fundi bandia alijifungia kwenye ofisi tupu na kuingia kwa jina la katibu. Mama Mkwe alipomnyima kunakili, akaipiga skrini picha kwa simu.

"Dakika moja, Nyuki!"

Mlango wa nyuma. Fundi aligeuka, bastola ya Beretta mkononi.

Risasi ilichimba ukuta. Nyuki alikuwa ameshalala chini. Akaunyakua mtungi wa kuzimia moto, akamvurumishia magotini. Fundi akaanguka puu, bastola ikateleza hadi chini ya makabati.

Kalamu ikazimika.

Nyuki aliichomoa simu mkononi mwa fundi na kuikata mtandao kabla picha ya kwanza haijaondoka. Ndipo alipoona maandishi hafifu yaliyokatiza kila picha. Mama Mkwe huandika jina la aliyeingia juu ya kila ukurasa.

"Nimempata. Hakuna kilichotoka."

"Safi sana! Picha zina jina la nani?"

Nyuki alilisoma tena.

"La katibu."

"Basi ndiye. Polisi wako njiani kumchukua. Nenda kapumzike, umefanya kazi ya kiume."

Kunyamaza tu kungetosha. Moyo ulimsuta.

"Mzinga, mwachieni. Mlango niliufungua mimi. Juzi, kwenye kompyuta yake, kwa sababu ya tiketi yangu."

Mzinga alishusha sauti.

"Unajua maana yake, Nyuki?"

"Najua. Kazi sina tena."

Alimkabidhi fundi kwa mlinzi wa mlangoni, akapanda hadi ghorofa ya pili, akawaambia walinzi wamwachie, kisha akamweleza katibu yote bila kujitetea. Dada alifuta machozi kwa kiganja.

"Yaani kwenye kiti changu?"

"Kwenye kiti chako. Nisamehe, dada."

"Na mimi nimekwenda kukuletea chai."

Nyuki aliweka mezani kalamu, bastola yake na kitambulisho, akakirudisha kile kiti mahali pake. Akavaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban na kutoka kwa mlango wa mbele, hatua za polepole, mkono mmoja mfukoni. Walinzi walisema jamaa hana wasiwasi hata kidogo.

Miwani ilikuwa nyeusi, hawakuyaona macho yake.