Blanketi Kavu

Kila siku ya shule Hyasinta alifika nyumbani saa kumi, akabisha hodi, na hakuna aliyemsikia. Si kwamba mama yake alikuwa mtu wa dharau. Selina alikuwa ndani ya nyumba ya mashine, viziba masikio vyekundu kichwani, na mbele yake injini ya dizeli ya silinda sita iliunguruma mpaka vikombe vikacheza kwenye kabati la jikoni. Hodi ya mtoto wa darasa la sita itafua dafu wapi mbele ya kelele kama ile?

Walikuwa wamehamia pale mwezi wa tatu, wakitokea Karatu mjini. Kamati ya maji ya vijiji vitatu vya Mbulumbulu ilimwajiri Selina kwa sababu alikuwa amesomea ufundi mitambo. Injini ile ilizungusha jenereta, jenereta ikapeleka umeme kwa pampu iliyozamishwa kwenye kisima kirefu, na maji yakapanda hadi tangi la kilimani. Vijiji vyote vitatu, shule na zahanati vilinywa kutoka tangi hilo. Nyumba yao ilikuwa peke yake juu ya mashamba ya ngano na maharage, na jirani wa karibu alikuwa mwendo wa robo saa. Baba alikuwa Geita kwenye migodi, mtu wa kuonekana Krismasi hadi Krismasi.

Selina hakuwa na mchezo na kazi. Kabla ya kuwasha alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha na kukisoma. Aliangalia maji ya rejeta injini ikiwa bado ya baridi, akakagua mikanda, akachungulia chini kama kuna tone la mafuta lililovuja. Injini ikishawaka aliiacha iungurume taratibu kwanza ndipo akaipa kazi, na kabla ya kuizima aliipumzisha vivyo hivyo. Kila baada ya saa moja alisoma mshale wa joto na kuuandika kwenye daftari. Kuizunguka injini yote alikuwa amechora mstari wa njano sakafuni. Ikizunguka, hakuna kuuvuka, awe mwenyekiti, awe mtoto, awe nani.

Kwa kuwa humo ndani maneno hayasikiki, mama na mwana waliongea kwa ishara. Kidole gumba juu, mambo ni mazuri. Mkono tumboni, chakula tayari. Mikono miwili ikipishana juu ya kichwa, hatari, ondoka. Hyasinta alizijua zote, ila ishara ya kusema "niko mpweke" haikuwepo.

"Injini anaijulia hali kila saa," aliwaza. "Mimi ananijulia hali mara moja, tena usiku, akiwa anasinzia." Aliona wivu, na wivu wa kuionea mashine ni mgumu kumweleza mtu.

Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Alikaa dawati moja na Goodness, msichana mcheshi wa kijiji cha chini. Asubuhi moja ya mwezi wa saba Goodness alivuta pumzi na kukunja pua.

"We Hyasinta, mbona unanuka dizeli?"

Darasa likacheka. Goodness mwenyewe alicheka kidogo tu, halafu akasogea pembeni ya dawati, na ni kule kusogea kulikomuuma Hyasinta. Jioni ile alifua sweta lake la shule mara tatu.

Kufua si tatizo Mbulumbulu. Tatizo ni kukausha. Mwezi wa saba ukungu hushuka asubuhi, ukaondoka mchana kwa kusitasita, na jioni ukarudi kama mtu aliyesahau kofia yake. Sweta la Jumatatu hukauka Alhamisi. Hyasinta alikuwa na sweta moja.

Nyuma ya nyumba ya mashine kulikuwa na tundu kubwa la ukutani lenye wavu wa chuma. Hapo feni ya rejeta ilitolea nje upepo wa moto. Kuku walipapenda, na Hyasinta alizoea kukaa hapo na kuku akifanya hesabu. Jioni hiyo alilichukua sweta akalining'iniza kwenye wavu. Baada ya nusu saa lilikuwa limekauka na lina joto la kupendeza. Kesho yake alifua shuka na gauni. Keshokutwa akaongeza kanga za mama. Saa kumi na moja na nusu aliondoa kila kitu, kwa hiyo Selina akitoka saa kumi na mbili alikuta nguo zimekunjwa vizuri kitandani.

"Umekuwa msichana mkubwa," Selina alisema huku akipiga miayo. Hakuuliza zimekaukaje.

Wiki ile ile mshale wa joto ulianza kupanda. Selina alikagua maji, yapo. Oili, ipo. Mikanda, mizima. Alisubiri injini ipoe akasafisha mapezi ya rejeta kwa brashi, na bado jioni ya pili mshale ukapanda. Kengele ya kutoa taarifa ya joto ilikuwa imeharibika miaka mingi, na kamati ilikuwa ikiahidi kuibadilisha kila mkutano. Ilimbidi apunguze kazi ya injini, na maji yakaanza kutoka kwa zamu. Kule zahanati waliletewa maji kwa punda.

Siku ya Jumatano mwenyekiti wa kamati, Mzee Emmanueli, alipanda kilima na fimbo yake.

"Mama Hyasinta, sisi hatujui mambo ya mishale," alisema. "Tunajua mabomba hayatoi maji. Fundi Qamara anakuja Jumatatu kutoka Karatu kuifungua injini. Lakini mtambo ukichemka tena kabla ya hapo, watu watasema hukuuweza, na mimi sitakuwa na la kuwajibu. Itabidi tutafute mwingine."

"Nimekuelewa, Mzee," Selina alijibu. Mwenyekiti alipoondoka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainamisha kichwa.

Usiku ule, mama akiwa amelala, Hyasinta alilifungua daftari la mashine. Saa nane, mshale sawa. Saa tisa, sawa. Saa kumi, sawa. Saa kumi na moja, juu. Saa kumi na mbili, umeshuka. Jana yake hivyo hivyo, na juzi yake. Asubuhi zote zilikuwa sawa, na Jumapili, siku ambayo hakufua, ilikuwa sawa kutwa nzima. Injini haikuwa mgonjwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiiziba pumzi.

Alipaswa kumwamsha mama yake hapo hapo. Alinyoosha hata mkono. Kisha wazo jingine likaingia, likakaa: mama akiachishwa kazi, tutarudi Karatu mjini. Kule kuna Witness, rafiki yake tangu chekechea. Kule ukibisha hodi mtu anaitika. Akalifunga daftari, akarudi kulala, na usingizi hakuuona.

Alhamisi na Ijumaa hakuanika kitu, na mshale ukatulia. Selina akaanza kuimba jikoni. Ilikuwa miezi tangu aimbe, na Hyasinta alisikiliza akiwa na uchungu kifuani, maana wimbo ule ulikuwa na maana moja tu. Watakaa hapa.

Jumamosi saa kumi alichukua blanketi zito la kijivu kitandani kwake, akazunguka nyuma na kulifunga kwenye wavu kwa kamba, pembe zote nne. Halikuwa limefuliwa. Blanketi lilikuwa kavu.

Alikaa na kuku. Upepo wa moto haukuja tena, na kuku wakaondoka mmoja mmoja wakamwacha. Hapakupita muda mrefu sauti ya injini ikabadilika, ikawa nzito. Hyasinta alichungulia kwenye dirisha dogo la pembeni.

Mama yake alikuwa amesimama mbele ya mshale, mkono mdomoni. Alizungusha kishikio kupunguza kazi, akatazama tena, akatikisa kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo Hyasinta hakuwahi kumwona akilifanya. Aliuvuka mstari wa njano injini ikiwa inazunguka. Aliinama pembeni ya feni, akanyoosha mkono kuelekea mpira mnene wa maji ya moto, ili asikie kwa kiganja mahali penye kasoro. Ncha ya kitambaa chake cha kichwa ilikuwa imelegea, na ilipepea karibu na mkanda.

"Mama," Hyasinta aliita. "Mama, toka hapo."

Aliita kwa nguvu zake zote, na hata yeye mwenyewe hakujisikia. Akakimbia kuzunguka nyumba, akaingia mlangoni, akasimama kwenye mstari wa njano bila kuuvuka, na akapishanisha mikono miwili juu ya kichwa. Hatari, ondoka. Selina hakumwona. Hyasinta aliruka juu na chini, mikono ikipishana na kupishana, machozi yakimtoka. Hatimaye mama akainua macho. Akamwona, akajiona mwenyewe alipo, akarudi nyuma taratibu mpaka nje ya mstari.

Hyasinta alinyoosha kidole nyuma ya ukuta, akamshika mama mkono na kumvuta mpaka kwenye wavu. Selina alikata zile kamba kwa kisu, na upepo wa moto ukawapiga usoni. Alirudi ndani, akaiondolea injini kazi yote, akaiacha iungurume taratibu mpaka mshale uliposhuka, ndipo akaizima. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa.

Walisubiri saa nzima ipoe. Selina aliwasha tochi akaumulika ule mpira wa maji. Upande mmoja ulikuwa umevimba, na kwenye uvimbe kulikuwa na ufa mwembamba.

"Uso wangu ulikuwa hapa," alisema kwa sauti ya chini.

Kisha akalichukua blanketi, akalipitisha mikononi kutoka pembe hadi pembe.

"Hili halikulowa, Hyasinta."

Hapo ndipo angeweza kudanganya. Angesema lilikuwa na umande, na pengine lingepita. Lakini alikuwa amekwisha kuuona ule ufa.

"Lilikuwa kavu, Mama," alisema. "Nguo za wiki ile nilikuwa nakausha tu, sikujua. Hili nililiweka makusudi. Nilitaka ufukuzwe turudi Karatu. Hapa sina mtu." Akalia kwa kwikwi. "Hata wewe sina."

Selina alikaa juu ya ile ndoo. Alikasirika, na Hyasinta aliiona hasira ile ikipanda usoni mwake. Aliiona pia ikishuka, polepole, na nyuma yake ukabaki uso wa mama aliyechoka.

"Jumatatu utayasema haya mbele ya kamati," alisema mwishowe. "Yote. Hata la blanketi kavu."

Jumatatu Hyasinta alisimama mbele ya Mzee Emmanueli, Fundi Qamara na wanakamati watano, akasema yote. Alipomaliza, Mzee Emmanueli alikohoa.

"Hili ni kosa kubwa, mjukuu wangu. Punda wamebeba maji ya wagonjwa kwa ajili yako." Akawageukia wenzake. "Lakini na sisi kengele ile tuliiacha imekufa. Ingelia, tungelijua siku ya kwanza. Itanunuliwa wiki hii. Na wewe utakwenda zahanati kuomba radhi."

"Nami nina la kwangu," Selina akasema. "Niliuvuka mstari injini ikizunguka. Niliogopa kufukuzwa kuliko nilivyoogopa mkanda. Hilo nalo ni kosa."

Fundi Qamara alibadilisha mpira uliopasuka, akakagua injini, akasema ni nzima. Kisha akaenda nyuma, akahesabu hatua sita kutoka kwenye wavu na kusimika miti miwili.

"Upepo ukifika hapa umeshatoka zamani," alisema akifunga kamba. "Anika sweta lako hapa. Kule ukutani weka hata leso, nitakuja kukuchapa mwenyewe."

Habari za kijijini hazihitaji simu. Jumapili iliyofuata, Hyasinta akiwa nyuma ya nyumba na kuku wake, alimwona Goodness akipanda kilima na beseni kichwani, akihema.

"Mama amesema huku nguo zinakauka," Goodness alisema, macho yake chini. "Zetu zina siku nne."

"Zitanuka dizeli," Hyasinta akajibu.

Goodness alifikiri. "Si tutanuka wote." Akatua beseni, na wakaanika pamoja.

Jioni Goodness aliposhuka na nguo zake kavu, kilima kikawa kitupu tena. Selina alizima injini kwa utaratibu wake, akaandika daftari, akavua viziba masikio na kuja kukaa kando ya binti yake.

"Hyasinta, unajua kwa nini injini ile inaishi? Si kwa sababu haichemki. Ni kwa sababu ikichemka inasema ukweli mapema, na mtu anausoma. Wewe ulichemka miezi minne ukanyamaza, na mimi sikukusoma. Mtu hana mshale kifuani, mwanangu. Lazima aseme kwa mdomo wake, tena kabla hajaharibu kitu. Na aliye karibu naye lazima aulize. Tumekosea wawili."

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka mashamba ya ngano. Selina alilifungua tena daftari, kalamu mkononi, kama afanyavyo kila saa.

"Haya. Mshale wako uko wapi leo?"

Hyasinta aliangalia njia aliyoshukia Goodness. Alitaka kusema uko sawa, kumfurahisha mama. Akaliacha hilo.

"Bado uko juu," alisema. "Lakini unashuka."

Selina akaandika.