Fundi Ajifunza Kuchagua Matunda

Kila asubuhi Fundi alichemsha chai ya mtu mmoja, akainywa bila kuongea na mtu. Alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka arobaini. Sasa macho yalikuwa yamechoka, na mke wake alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alikuwa mpweke, wala hakujidanganya.

Wageni wake walikuwa wawili tu: binti yake na mjukuu wake wa miaka sita. Walikuja Jumapili. Jumapili iliyopita aliwanunulia nanasi. Alilichagua kama anavyochagua kitambaa: rangi safi, bila doa. Mjukuu alionja, akakunja uso, akakitema kipande mkononi.

"Babu, linauma ulimi."

Binti alitazama saa. Hata chai hawakuisubiri. Wiki nzima Fundi alijiuliza: wasiporudi je?

Alhamisi alikwenda dukani. Zamani mkewe ndiye aliyechagua matunda. Kazi ya Fundi ilikuwa kubeba kapu na kulalamika. Leo alisimama peke yake, akipapasa nanasi kwa vidole viwili.

"Shikamoo, baba. Hilo utalila au utalishona?" aliuliza mwanamke aliyekuwa akipanga matunda.

"Marahaba. Kushona ningeweza. Kuchagua sijui, mwanangu. Aliyejua hayupo."

Mwanamke aliacha kutabasamu. "Pole, baba. Kuuliza si ujinga. Nanasi linunue kwa pua. Nusa hapa chini, kwenye kitako. Likinukia vizuri, limeiva. Likinuka kama pombe, limepitiliza. Lisiponukia, liache. Likishakatwa shambani haliongezi utamu."

"Na chungwa?"

"Lipime mkononi. Zito ndilo lenye maji. Rangi isikudanganye, hata la kijani huwa tamu."

Fundi alichukua parachichi, akalibana kwa kidole gumba.

"Taratibu, baba. Ukilibana hivyo, mwenzako atalikuta jeusi ndani. Lishike kwa kiganja kizima. Likibonyea kidogo, ni la kula leo. Hilo gumu liweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Baada ya siku chache litalainika."

"Miaka yote hiyo mke wangu hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Fundi alinusa mananasi mpaka akapata linalonukia, akaongeza parachichi gumu na ndizi mbivu. Alilipa, akaondoka na kapu lake.

Jumapili mjukuu alikula nanasi mpaka maji yakamfika viwikoni. Binti alionja parachichi, akaweka kijiko chini.

"Baba, nani amekuchagulia?"

"Mimi mwenyewe."

"Ni kama matunda ya mama." Alifuta macho kwa kiganja. "Mimi hununua kwa kubahatisha tu. Mama nilikuwa nikimwambia, utanifundisha siku nyingine."

Mjukuu akachukua kipande kingine.

"Kuchagua hakufundishiki mezani," Fundi alisema hatimaye. "Lazima unuse, ushike."

"Basi Alhamisi nitakupitia, twende wote."

Fundi aligeukia dirishani, kwa sababu alikuwa analia.