Ngozi Nje ya Mstari

Odartei alidhani amekosea hesabu. Kazi yake katika studio ya filamu pale Osu ilikuwa kuzigeuza picha ghafi za kamera, zile za kijivu zilizofifia, ziingie kwenye rangi ambazo mafundi wanaochora moto na mizuka kwa kompyuta huzifanyia kazi, kisha azirudishe zilivyokuwa. Alichokipima kwanza kila mara ni ngozi. Awe mweusi tii au mzungu, ngozi ya aliye hai huangukia mstari mmoja kwenye kioo cha kupimia rangi, kwa sababu chini yake kuna damu. Katika onyesho la mazishi, waigizaji wote walikaa mstarini isipokuwa mmoja, aliyeangukia kijani. Naye alikuwa Korkoi, mkewe.

Akageuza upya. Vilevile. Akafungua picha za asubuhi ya siku ile, kabla Korkoi hajalala jenezani kuigiza maiti. Zile zilikaa mstarini sawasawa.

"Lamptey, mlibadilisha kamera baada ya jeneza?" alimuuliza mwongozaji wa filamu, aliyeketi kando yake.

"Kamera ipi tena, kaka? Tunayo moja, na yenyewe ya kuazima!"

"Na Korkoi alipotoka, mlimwita?"

Kicheko cha Lamptey kikakatika. Desturi yao iko wazi: mwigizaji aliyelala jenezani hainuki mpaka aitwe mara tatu kwa jina alilopewa na baba yake.

"Mvua ilikuwa inakuja," akanong'ona. "Nilikuwa na haraka, kaka. Niliita jina la yule marehemu wa kwenye filamu. Akweley. Na akainuka."

Odartei akahesabu nyuma. Wiki tatu alikuwa akilala kando ya mwanamke asiyegusa tena pilipili, yeye aliyezoea kulamba pilipili ya shito kwa kidole, mwanamke mwenye nyayo za baridi na harufu ya mbao mpya na vanishi ambayo Odartei, mjinga wa watu, alidhani imeganda kwenye nguo za kazi, akazifua mara mbili kwa mkono wake.

Ilibaki picha moja: jeneza tupu, baada ya yeye kuinuka. Akaigeuza. Picha ghafi hutunza gizani yale ambayo jicho haliyaoni, na alipoliinua lile giza taratibu, kwenye kioo cha kupimia kikatokea kidoa kidogo, ngozi, mstarini kabisa, halafu pichani ukatokea uso, halafu mdomo wa Korkoi ulioachama na viganja vyake viwili vikisukuma juu.

"Jeneza liko wapi?"

"Tulilikodi kwa seremala wa Teshie. Nililirudisha jioni ileile."

Odartei akampigia simu fundi seremala.

"Lile la kahawia? Limeshazikwa, bwana," fundi alisema. "Watu wa mbali walilinunua, hata kwao sikujui. Wabebaji walinilalamikia, eti zito kama limebeba wawili."

La kuvunda halina ubani, lakini mtu hawezi kukaa kimya. Odartei akaushika uso ule kiooni kwa mikono miwili, akaita, huku machozi yakimtoka mbele ya Lamptey bila aibu, jina ambalo lilipaswa kuitwa wiki tatu nyuma.

"Korkoi! Korkoi! Korkoi!"

Harufu ya vanishi ikaingia. Mlangoni mkewe alikuwa amesimama, amemletea kenkey, chakula chake cha mchana, akitazama huku na huku chumbani.

"Unamwita nani?"