Pindo Lililofungwa Mapema

Jambo lenyewe lilianza kwa utani wa mchukuzi mizigo.

"Dada," alisema, akilitua sanduku nje ya mlango wa uwanja wa ndege na kujishika kiuno, "humu umebeba nguo au umebeba mume?"

Dada mwenyewe, Fundi kama walivyomwita kwao kwa ushonaji wake, akacheka. Miaka tisa hajakanyaga nyumbani. Siku hiyo hata angetukanwa angesikia raha, maadamu anatukanwa kwa lugha yake. Lakini alipolishika sanduku mwenyewe, kicheko kikakauka. Kule alikotoka lilipimwa akiona kwa macho yake: kilo kumi na tisa. Nguo zake chache, viatu, zawadi mbili tatu, na gauni la harusi. Sasa hata kulivuta kwa magurudumu mkono ulimuuma mpaka begani.

"Uchovu tu," akajiambia.

Gauni lilikuwa la Pacha. Hawakuzaliwa tumbo moja hao, walizaliwa nyumba jirani, ukuta kwa ukuta, na toka darasa la kwanza walikuwa na mwili mmoja: nguo ya huyu ilimkaa yule kama yake, hata wakawa wanaitana Pacha. Mmoja akifungiwa chumbani kwa utundu, mwenzake aligonga ukuta upande wa pili. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo. Maana yake: nipo.

Huko ugenini Fundi alikuwa anashona mashuka chini ya hoteli kubwa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Msimamizi hakujisumbua na majina ya watu. Aliwaita kwa namba ya cherehani, na yeye alikuwa Saba. Aibu ile hakumwambia mtu yeyote nyumbani, hata Pacha.

Kwenye cherehani hiyo ndipo alipolishona gauni, kila akimaliza zamu, akilipima kwenye mwili wake mwenyewe. Shangazi yake, ndiye aliyemfundisha kazi, alikuwa na sharti moja: pindo la nguo ya bibi harusi liache wazi urefu wa kidole, usilifunge mpaka mwenyewe aivae. Kwa nini, hakusema, na Fundi hakuuliza. Alilishika sharti hilo mpaka siku chache kabla ya safari, msimamizi alipopita, akaliona pindo, akasema kwa dharau, "Saba, hata kazi yako mwenyewe humalizi?" Fundi akaona haya. Akalifunga. Gauni akalitundika kwenye stoo ya mashuka, likakaa humo siku mbili. Basi, kosa lake ni hilo.

Alipofika nyumbani kwa kina Pacha, Pacha mwenyewe alimrukia mlangoni wakaanguka wote wawili.

"Ungekuja bila gauni ningekurudisha na ndege hiyo hiyo!"

"Kwanza simama nikuone. Mbona umekonda, kwani huyo mchumba wako mwalimu hakulishi?"

"Weee! Nimejinyima mpaka nimefika kilo hamsini na tatu, kwa ajili ya gauni lako. Lisiponienea, shoga, nakufa nalo."

Walilifungua sanduku kitandani. Kabla ya kitu kingine ikatoka harufu: mashuka mabichi, pasi iliyounguza nguo, na chini yake kitu kama pumzi ya mtu ambaye hajafungua kinywa siku nyingi. Mama yake Pacha akaligusa gauni, akaurudisha mkono.

"Nani kalivaa hili?"

"Hakuna, Mama. Mimi tu wakati wa kupima, na ni zamani."

"Mbona lina joto la mtu?"

"Mama naye," Pacha akasema, tayari kashaliingiza kichwani.

Kifua kilimkaa. Kiuno kikamkaa. Lakini chini liliburuta sakafuni, vidole vinne vizima. Fundi akashangaa, maana yeye na Pacha mpaka leo wanatazamana jicho kwa jicho. Akalikata, akalipindia upya, akalifunga tena, kwani si mwenyewe ameshalivaa? Vipande akavitia kwenye ndoo ya taka.

Kesho yake mchana, wakati wa joto, nyumba yote ikiwa imelala, Fundi alisikia nguo inaburutwa sebuleni. Shwaa. Kituo. Shwaa. Akadhani ni Pacha, hana subira, analijaribu tena peke yake. Akainuka kwenda kumtania. Alipopita chumba cha Pacha akamwona amelala fofofo, mdomo wazi, mguu umening'inia nje ya kitanda, na wakati huo huo sauti ile bado inaendelea mbele yake, shwaa, kituo, shwaa, mpaka akafika kwenye mlango wa sebule, na kule ndani, katika mwanga mweupe wa saa nane, gauni lilikuwa limesimama mbele ya kioo, limejaa kifuani, limejaa mabegani, shingo yake ikiwa juu kuliko shingo ya mwanamke yeyote aliyewahi kumshonea, na halikuwa na kichwa wala mikono, lakini lilikuwa linajigeuza polepole, upande huu, upande ule, kama mtu anayejitazama amependeza.

Alipopepesa macho gauni lilikuwa chini, rundo tu.

Jioni wakalijaribu mara ya pili, kwa sababu Pacha hakutaka kusikia neno. Likaburuta tena vidole vinne. Vipande alivyokata vilikuwa bado kwenye ndoo. Fundi akapiga magoti kulitazama pindo: nyuzi zililala kushoto. Yeye nyuzi zake hulala kulia, toka siku aliyoshika sindano.

"Pacha, tulichome," akanong'ona. "Nakuomba. Nitakutafutia jingine hata la kuazima."

"Kuchoma nini?"

"Limeingiwa. Leo mchana nimeliona limesimama lenyewe."

Pacha akamwangalia, macho yakajaa machozi. "Miaka tisa nimekungoja wewe. Watu wameniambia olewa, nikasema mpaka shoga yangu aje. Sasa umekuja, unaona majini kwenye gauni langu? Sema tu inakuuma kuwa mimi naolewa na wewe bado."

Akalichukua, akaenda nalo chumbani, akafunga kwa ufunguo.

Asubuhi ya harusi Fundi alichukua kipande kimoja kwenye ndoo, akakimbia kwa Shangazi. Macho ya Shangazi yalikuwa yameshazimika, lakini vidole bado vilikuwa vya fundi. Akakipapasa kile kipande, akakinusa, akakitupa.

"Ulifunga kabla hajavaa?"

"Nilifunga, Shangazi."

"Mtoto wewe! Kidole kile ni mlango. Visivyo na mwili vinatamani nguo ya bibi harusi kuliko nguo zote. Kinaingia, kinajishaua, kinatoka kwa pale palipo wazi. Wewe umekifungia ndani."

"Sasa?"

"Amelivaa mara ngapi?"

"Mbili."

Shangazi akamsukuma kuelekea mlangoni. "Ya tatu kinaingia mwilini. Na mwili hauna nafasi ya wawili. Kikiingia yeye anatoka, anakwenda kukaa kule kilikokuwa kimekaa kikisafiri. Kimbia. Fumua urefu wa kidole tu. Na ukianza usisite, hata usikie nini."

Alikimbia viatu mkononi. Akapita katikati ya wanawake walioleta viti, akasukuma mlango. Pacha alikuwa ameshavaa. Amesimama mbele ya kioo, shela usoni, peke yake.

"Usiulize kitu," Fundi akasema, akaanguka magotini na kiwembe mkononi.

Akakata uzi wa kwanza. Kutoka pale palipokatwa ikatokeza damu, tone moja, likateremka kwenye kitambaa cheupe. Juu yake Pacha akalia, na kilio kilikuwa chake kabisa, kile kile cha utotoni walipoanguka kwenye mfereji akavunjika mkono: "Pacha! Unaniumiza! Pacha, basi, nakufa!" Fundi akakata wa pili, na mwingine, na mwingine, damu ikamfika kwenye vidole, na kile kilio kikapanda, kikamwita kwa jina lake, kikamsihi kwa jina la marehemu mama yake Fundi, na mikono iliyozoea kumsuka ikawa inampapasa kichwani, na alikuwa amebakisha nyuzi chache tu, chache mno, upana wa ukucha, lakini huyu alikuwa Pacha, na hii ilikuwa damu, na nani angeweza.

Mkono wake ukasita.

Kilio kikakatika kama taa.

"Asante, Saba," sauti ikasema juu ya kichwa chake, taratibu.

Alipoinua macho, pindo halikuburuta tena. Liligusa sakafu sawasawa, kama linavyopaswa kumgusa mwanamke mrefu. Na damu haikuwepo.

Mama yake Pacha akaingia, akapiga vigelegele mpaka akashikwa na kikohozi. "Jamani mwanangu! Limekukaa hilo, kama umezaliwa nalo!"

Watu walikula, wakacheza. Bibi harusi alitabasamu kwa kila mtu, na hakukosea jina la mtu. Mwalimu, yule bwana harusi, alimsogelea Fundi akicheka kicheko cha wasiwasi.

"Shemeji, hebu nisaidie. Huyu siku zote alikuwa ananizidi kimo?"

Fundi alifungua mdomo. Kule mezani bibi harusi akageuza shingo, akamtazama, akaweka kidole kwenye midomo. Mkono wa kushoto.

"Labda ni viatu, shemeji," Fundi akajibu.

Aliondoka siku ya tatu baada ya harusi. Nguo zake zote alizigawa, zawadi zote zilishatoka. Ndani ya sanduku akatia shati moja na kandambili. Hata hivyo dereva na jirani walilibeba wawili, wakagombana nani hakazi mkono.

Uwanjani akaliweka kwenye mizani. Msichana wa kaunta akatazama, akakunja uso.

"Dada, una kilo hamsini na tatu hapa. Lazima upunguze."

Fundi alifungua zipu. Shati. Kandambili. Na harufu ya Pacha, ya mafuta yake ya nywele, mbichi kabisa, kama ameinamisha kichwa hapo hapo. Msichana akachungulia, akaitazama mizani, bado hamsini na tatu, akaipiga kofi.

"Mashine mbovu hizi," akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Akafunga zipu mwenyewe haraka haraka, akabandika karatasi, akabonyeza kitufe.

"Ngoja," Fundi akasema. "Ngoja, usilipeleke, ngoja!"

Ukanda ulikuwa umeshaanza kutembea. Sanduku likaenda polepole kuelekea kwenye mapazia ya mpira, kule gizani mizigo inakoingia, na kabla halijamezwa, kutoka ndani, kwa upole, kama mtoto aliyefungiwa chumbani anayejua kuwa mwenzake yupo upande wa pili, likagongwa.

Ngo, ngo, ngo.

Kimya.

Ngo.